Nguo Inayobadili Rangi: Inasema Nini na Inanyamazia Nini Kuhusu Joto la Mtoto Mchanga

Swali lililozaa somo hili liliulizwa na mama mmoja katika kliniki ya watoto, siku ya 7 baada ya kujifungua. Wifi yake aishiye Uingereza alikuwa amemletea mtoto nguo ya kulalia ya rangi ya waridi ambayo, kwa maelezo ya karatasi iliyoambatana nayo, hugeuka nyeupe mtoto anapopatwa na homa. Mama aliionesha kwa furaha, kisha akauliza: "Sista, ikibaki na rangi yake hii, si ina maana mtoto yuko salama?" Muuguzi alisita. Alijua kwamba jibu si ndiyo, lakini hakuwa na maneno ya kueleza kwa nini.

Makala haya yanajaribu kuyatafuta maneno hayo. Yamekusudiwa kwa wahudumu wa afya watakaoulizwa swali hilo, na kwa wazazi wanaolibeba moyoni bila kulitamka. Nguo zinazobadili rangi, na ndugu zake zilizofumwa kwa nyuzi zipitishazo umeme, zinazidi kuingia katika maduka na katika mizigo ya jamaa watokao ng'ambo. Hatuna haja ya kuzibeza, maana elimu iliyomo ndani yake ni ya kweli, na baadhi ya vifaa vilivyotokana na elimu hiyo vimewafaa watoto katika wodi zenye uhaba wa wauguzi. Lakini kila kitu kitoacho ishara kina jambo kinalolipima na mengine mengi kisichoyapima, na mgonjwa huumizwa zaidi na hayo ya pili.

Rangi tunazozitegemea tayari

Mhudumu wa afya wa Afrika Mashariki si mgeni wa vitu vinavyozungumza kwa rangi. Kila afunguapo sanduku la ubaridi hutazama kile kibandiko kidogo chenye mraba ndani ya duara kwenye kichupa cha chanjo, ambacho tumezoea kukiita VVM. Kibandiko hicho kilianza kutumika mwaka 1996 katika chanjo ya polio ya matone. Mraba huanza ukiwa mweupe kuliko duara; joto linavyojilimbikiza siku hata siku, mraba huzidi kukolea, na ulinganapo na duara au ukalipita, kichupa hakitumiki tena. Hauwezi kurudi kuwa mweupe hata kichupa kikirejeshwa kwenye jokofu, na hiyo ndiyo fadhila yake: hausahau.

Hata hivyo, kibandiko hicho hakioni kuganda. Chanjo ya pepopunda iliyoganda katika jokofu lililoharibika yaweza kuwa na mraba mweupe wa kupendeza ilhali nguvu yake imekwisha. Ndiyo sababu tulifundishwa jaribio la kutikisa. Kadhalika, utepe unaobandikwa juu ya furushi la vifaa vya upasuaji hutoa michirizi myeusi ndani ya otoklevu. Michirizi hiyo yathibitisha kwamba furushi lilipita kwenye joto. Haithibitishi kwamba mvuke ulipenya hadi katikati ya furushi, wala kwamba vijidudu vyote vimekufa. Muuguzi mzoefu wa chumba cha upasuaji anajua tofauti hiyo bila kufikiri. Tukiishika, nusu ya somo la nguo tumekwisha kuipata.

Rangi hubadilikaje?

Kuna njia mbili zinazotumika sana, na inafaa kuzitenganisha kwa sababu uaminifu wake haulingani.

Ya kwanza ilianzia kwenye karoti. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria aliyefanya kazi mjini Prague, alikuwa akichunguza kemikali ya jamii ya kolesteroli iliyotolewa katika karoti. Akaona ajabu: iliyeyuka mara mbili. Kwenye nyuzijoto 145.5 za Selsiasi ilikuwa kimiminika chenye ukungu, na kwenye nyuzijoto 178.5 ukungu huo ukatoweka. Leo tunajua kwamba kati ya viwango hivyo viwili molekuli zilikuwa zikitiririka kama maji lakini zikiwa bado zimejipanga kwa utaratibu kama katika fuwele. Vitu vya namna hiyo huitwa fuwele za kimiminika. Katika aina moja ya mpangilio huo, molekuli hujizungusha mithili ya ngazi ya mnara, na urefu wa mzunguko mmoja ndio uamuao ni rangi ipi ya mwanga itakayoakisiwa. Joto likipanda mzunguko hukaza, na rangi husogea kutoka nyekundu hadi kijani hadi bluu. Mkemia akichanganya viambato vyake kwa uangalifu aweza kuyafanya mabadiliko yote hayo yatokee ndani ya nyuzijoto chache tu kando ya joto la mwili. Zikiwekwa juu ya kitu cheusi, rangi zake huonekana vizuri sana. Hii ndiyo asili ya vile vipande vya plastiki vinavyobandikwa kwenye paji la uso.

Njia ya pili ndiyo ya nguo nyingi za madukani. Hapa huchanganywa vitu vitatu: kemikali ya rangi, asidi dhaifu, na mafuta magumu. Aliyewahi kununua mafuta ya nazi Tanga akayapeleka Lushoto mwezi wa Julai anajua kwamba chupa iliyokuwa ya maji maji hugeuka kuwa bonge jeupe. Mafuta ya kwenye nguo hufanya vivyo hivyo, ila katika kiwango cha joto kilichochaguliwa. Yakiwa yameganda, rangi na asidi hukaa pamoja na nguo huonekana na rangi. Yakiyeyuka, viwili hivyo hutengana na rangi hupotea. Mchanganyiko mzima hufungiwa katika vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kisha hupakwa kwenye kitambaa.

Nguo za aina hii zilivuma Marekani mwaka 1991, kampuni ya Generra ya Seattle ilipouza mashati yaliyoitwa Hypercolor. Shati liligeuka rangi palipoguswa na kiganja na, kwa aibu ya waliolivaa, kwapani pia. Uvumi haukudumu. Maji ya moto, dawa za kung'arishia na pasi viliharibu vile vifuko, na shati likabaki na rangi moja iliyofifia.

Tusipite hapa haraka. Katika sehemu nyingi za nchi zetu, nguo ya mtoto iliyoanikwa nje hupigwa pasi kabla ya kuvaliwa, na kwa sababu njema: yuko nzi ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto. Pasi ya moto ndiyo kinga yetu ya siku zote. Kwa hiyo nguo ya mtoto ibadiliyo rangi inaingia katika nyumba ambamo ni lazima ipigwe pasi, ilhali pasi ndiyo inayoiua. Na ikishakufa haitoi taarifa ya kifo chake. Huendelea kuvaliwa, na mama huendelea kuitazama. Tena, baadhi ya michanganyiko hiyo hutumia bisfenoli A kama ile asidi dhaifu. Ni kemikali iliyopigwa marufuku katika chupa za kunyonyeshea watoto kwenye nchi za Umoja wa Ulaya tangu 2011. Vifuko vikiwa vizima hakuna sababu ya hofu kubwa, lakini mtoto hutafuna ukosi wa nguo yake, na nguo kuukuu si sawa na nguo mpya.

Nguo hupima joto la nguo

Mwaka 2009 nchini Uingereza zilitangazwa nguo za watoto ziitwazo Babyglow, zilizokusudiwa kugeuka nyeupe joto lipitapo nyuzijoto 37. Zawadi ya yule mama ni ya ukoo huo. Hebu tuitazame ahadi hiyo kwa jicho la kliniki.

Kwanza, joto la nyuzijoto 37 ni la kawaida kabisa kwa mtoto mchanga. Kiwango cha kawaida ni kuanzia 36.5 hadi 37.5. Pili, nguo haigusi ndani ya mwili. Upande wake mmoja uko kwenye ngozi, ambayo nayo ni baridi kuliko kiini cha mwili, na upande wa pili uko hewani. Joto la kitambaa huwa mahali fulani kati ya hivyo viwili. Mtoto mwenye homa akilazwa karibu na dirisha lenye upepo, kitambaa chaweza kubaki na rangi yake. Mtoto mzima akiwa amebanwa mgongoni kwa mbeleko mchana wa Februari Dar es Salaam, au akiachwa penye jua, kitambaa chaweza kugeuka cheupe bila homa yoyote.

La tatu ndilo zito. Nguo hiyo imewekwa kulinda mlango wa homa, na mtoto mchanga huingiliwa zaidi kwa mlango wa baridi.

Mtoto anapozaliwa hutoka katika mazingira ya joto lisilobadilika akiwa amelowa majimaji. Maji yanayokauka juu ya ngozi huondoka na joto lake. Mzani wa chuma humnyonya joto. Upepo wa feni hulipeperusha. Ukuta wa baridi hulivuta hata kama haumgusi. Ngozi yake ni kubwa ukiilinganisha na uzito wake, mafuta ya chini ya ngozi ni haba, na hana uwezo wa kutetemeka kama mtu mzima ili azalishe joto. Hutegemea mafuta maalumu ya kahawia yaliyo mgongoni, shingoni na kando ya figo, ambayo njiti anayo kidogo mno. Shirika la Afya Duniani hutoa mlinganisho ambao kila mwanafunzi wa ukunga anapaswa kuukumbuka: mtoto mchanga aliye uchi na aliyelowa katika chumba cha nyuzijoto 23 hupoteza joto kama mtu mzima aliye uchi mahali penye nyuzijoto 0. Chumba cha nyuzijoto 23 sisi tulio na gauni na barakoa hutuona ni cha starehe. Ndiyo maana joto la chumba cha kujifungulia halipaswi kushuka chini ya 25, hata kama mkunga anatokwa na jasho.

Joto la kuanzia 36.0 hadi 36.4 ni onyo la mwanzo, kuanzia 32.0 hadi 35.9 ni baridi ya kiwango cha kati. Chini ya 32.0 ni hatari kubwa. Mtoto aliyepoa hunyonya kwa ulegevu, sukari yake ya damu hushuka, hupumua kwa shida, na asiponyonya huzidi kupoa. Aidha, maambukizi makali kwa mtoto mchanga mara nyingi hujitokeza kwa mwili kupoa badala ya kupata homa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani huhesabu joto la 38 au zaidi kuwa dalili ya hatari kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, na vilevile joto lililo chini ya 35.5. Nguo ya waridi haina la kusema juu ya dalili hiyo ya pili. Mtoto mwenye sumu ya bakteria katika damu, aliyepoa hadi 35, angelala ndani yake akiwa wa waridi hadi asubuhi.

Kiduara cha kijani

Tulisema kwamba elimu hii imetoa pia vifaa vya manufaa. Mfano bora ni kiduara kidogo cha kubandika kiitwacho ThermoSpot, kilichotengenezwa kwa fuwele za kimiminika. Hubandikwa moja kwa moja kwenye ngozi, kwa kawaida tumboni upande wa ini au kwapani, kwa hiyo hakikai kati ya ngozi na upepo kama nguo. Joto likiwa la kawaida huwa cha kijani kinachong'aa. Mtoto akipoa kijani hufifia. Akipoa sana huwa cheusi. Hakihitaji betri, wala kusoma namba. Kimechunguzwa katika nchi kadhaa, zikiwemo Zimbabwe kwa watoto wachanga na Malawi kwa watoto wenye utapiamlo mkali, ambao nao hupoa upesi usiku.

Tazama busara ya muundo huo. Rangi ya kung'aa ni ishara ya usalama, na kutoweka kwake ni ishara ya hatari. Kiduara kikibanduka, kikichakaa au kikiharibika, hakuna kijani, na mama hushtuka. Nguo ya waridi imejengwa kinyume: ikiharibika huonekana kama mtoto mzima. Kama ningelazimika kumwachia mwanafunzi jambo moja la kukagua katika kifaa chochote kipya, ningemwambia akague hilo: kikiharibika, kinaonekanaje?

India nayo kuna kikuku cha kuvalishwa mtoto mkononi, kiitwacho BEMPU, kilichobuniwa Bengaluru. Humweka kipimajoto mkononi kwa wiki nne. Taa ya bluu humweka mtoto akiwa na joto zuri, na akipoa taa huwa ya rangi ya chungwa na mlio husikika. Mlio huo una maana kwa sababu mama huwa amelala.

Hata kiduara kizuri hukosea, na inafaa tulione jambo hili kwa hesabu ya mfano wa kubuni. Tuseme wodi imepokea watoto 1,000, na 200 kati yao wamepoa. Tuseme kiashiria huwatambua 90 katika kila 100 waliopoa, na huwasingizia 10 katika kila 100 wenye joto zuri. Kitawaonesha waliopoa 180 na kuwaacha 20. Kati ya wale 800 wengine, kitawasingizia 80. Kwa hiyo watoto 260 wataonekana wamepoa, na takriban 7 katika kila 10 kati yao ndio waliopoa kweli. Watoto 740 wataonekana salama, ila 20 kati yao si salama.

Je, 80 waliosingiziwa ni hasara? Hapa hukumu yategemea tiba inayofuata. Mtoto aliyesingiziwa kupoa atawekwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, jambo lisilomdhuru na pengine litakalomfanya anyonye vizuri zaidi. Mtoto aliyesingiziwa homa na nguo atasafirishwa usiku kwa bodaboda, atachomwa sindano ya kutoa damu, na huenda akaanzishiwa dawa za vijiuavijasumu asizozihitaji. Kosa la namna moja ni rahisi na la namna nyingine ni ghali. Kwa sababu hiyo nakubali kiashiria cha baridi chenye kelele nyingi, na nakishuku cha homa.

Kuna na jambo la mwanga. Kijani kilichofifia hakitofautishwi kirahisi na cheusi chini ya koroboi au taa ya manjano, na simu za mkononi hutofautiana rangi ya mwanga wake. Wapo pia watu, wengi wao wanaume, wasiotofautisha vyema nyekundu na kijani tangu kuzaliwa, na baadhi yao hawajijui. Baba akipewa kazi ya kutazama kiduara usiku, aoneshwe kwanza kiduara kimoja cha kijani na kingine cheusi, aseme anachokiona.

Nyuzi zinazobeba umeme

Nguo za umeme ni habari nyingine, ingawa huuzwa kwenye rafu moja. Mwaka 1996 watafiti wa Georgia Institute of Technology mjini Atlanta, wakiongozwa na Sundaresan Jayaraman, walianza kufuma fulana kwa fedha za jeshi la Marekani. Ndani yake zilipitishwa nyuzi za mwanga na za umeme ili askari akipigwa risasi, mahali risasi ilipokata nyuzi pajulikane, na mapigo ya moyo yake yafuatiliwe kutoka mbali. Tangu hapo ufundi umeendelea. Nyuzi za nailoni hupakwa fedha na kufumwa kifuani mwa fulana zikawa elektrodi za kuchukulia mchoro wa umeme wa moyo. Nyuzi nyingine hunyumbuka kifua kinapotanuka, na kunyumbuka huko hubadili upitaji wa umeme, hivyo pumzi ikahesabika.

Kwa mgonjwa mwenye mapigo ya moyo yanayovurugika mara moja kwa wiki, fulana ya kuvaa siku kadhaa ina faida iliyo wazi kuliko mchoro wa dakika moja pale kliniki. Udhaifu wake nao ni wa kawaida: mgonjwa akitembea mchoro huchafuka, ngozi kavu haishikani vyema na elektrodi, fedha huisha kwa kufuliwa, na betri hutaka chaji. Kwa mtoto mchanga hali ni nyeti zaidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba vifaa vya nyumbani vya kufuatilia moyo na pumzi visitumiwe kama njia ya kuzuia kifo cha ghafla cha mtoto usingizini. Sababu ni kwamba mzazi aliyetulizwa na kifaa huenda akalegeza yale yanayojulikana kumlinda mtoto: kumlaza chali, juu ya godoro gumu, bila mito.

Tena, vifaa vingi hivi hutumia mwanga unaopita kwenye ngozi kupima oksijeni, kama kile kibanio cha kidole. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Michigan ambao kibanio kiliwasoma oksijeni asilimia 92 hadi 96. Damu ya ateri ilipopimwa, asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa wagonjwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Soksi ya mtoto yenye mwanga huo ikiletwa kwetu, ni halali kwa daktari kuuliza ilijaribiwa juu ya ngozi ya nani.

Kwa akina mama, onyo moja la ziada. Zipo sidiria na vitambaa vinavyodaiwa kugundua saratani ya matiti kwa kusoma joto la ngozi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeonya mara kadhaa kwamba upimaji wa joto si mbadala wa mamografia. Mwenye uvimbe, chuchu iliyoingia ndani au ngozi iliyokunjamana aende hospitali hata kama kitambaa kimekaa kimya.

Rangi haina siri

Jambo hili hutajwa kwa nadra. Namba ya kipimajoto husomwa na aliyeishika. Rangi ya nguo husomwa na kila aliye ndani ya daladala. Mgonjwa akivishwa fulana inayogeuka nyekundu akitokwa jasho au akipanda joto, ugonjwa wake umetangazwa kabla hajaamua kuusema, na tunajua jinsi majirani wanavyofasiri homa na jasho la usiku. Wanaobuni vifaa hivi huona kuonekana kwake kuwa sifa. Sisi tuliofundishwa kutunza siri ya mgonjwa tuna sababu ya kutaka kibandiko kikae chini ya shati.

Mkono, kipimajoto na kifua cha mama

Mzazi asiye na kifaa chochote bado ana mkono. Gusa nyayo za mtoto kwa kiganja kikavu chenye joto, kisha gusa tumbo. Vyote vikiwa na joto na rangi ya afya, mtoto yu vizuri. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina joto, mtoto ameanza kupambana na baridi: mpashe joto sasa, usingoje. Nyayo na tumbo vyote vikiwa baridi, mtoto amepoa. Mweke kifuani na elekea kituoni akiwa hapo hapo kifuani. Mkono hauwezi kutofautisha 36.0 na 36.4, kwa hiyo kipimajoto cha kwapani ndicho kitoacho hukumu.

Kumweka kifuani maana yake ni mtoto akiwa na nepi, kofia na soksi tu, kifua chake kimegusana na kifua cha mama, kisha wote wawili wafunikwe kwa kitenge au blanketi. Njia hii ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipopungukiwa mashine za kupashia joto. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1.0 na 1.799. Walioanza kuwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali yao itulie, walifariki asilimia 12.0 ndani ya siku 28. Waliosubirishwa kama ilivyokuwa desturi, asilimia 15.7. Baba, bibi au shangazi aweza kumpokea mama zamu akachoka.

Yule muuguzi alimjibu mama hivi: "Mvalishe, mama, ni nguo nzuri na wifi yako amekupenda. Ikigeuka nyeupe, mpime kwa kipimajoto. Isipogeuka, usiiulize chochote. Sasa niguse nyayo zake." Zilikuwa baridi kidogo, tumbo lilikuwa na joto. Kipimajoto cha kwapani kilisoma 36.2. Mama alifungua blauzi pale kwenye benchi, wakamfunika mtoto kwa kitenge, naye akatafuta ziwa mwenyewe. Baada ya saa moja kilisoma 36.8. Alipewa kipimajoto cha kuazima, akaoneshwa jinsi ya kukisoma, na akaambiwa arudi siku ya 28, au saa yoyote mtoto akikataa kunyonya, akipumua kwa haraka, au kipimajoto kikisoma chini ya 35.5 au kufikia 38.